Mtoto wa Miaka Sita Bado Anahitaji Kigari Disney World? Namna Ninavyoamua

Naishi Tampa, Florida, mwendo wa saa moja na ushee kwa gari kutoka Walt Disney World, mahali penye bustani kubwa za michezo, kwa hiyo nyumba yangu imekuwa kituo cha ndugu wanaokuja kuwatembeza watoto. Wengine wanatoka Tanga na Dar, wengine Minneapolis na Columbus, na kabla hawajamaliza kupanga safari swali linakuwa limeshafika kwenye simu yangu: "Dada, huyu wa mwisho keshatimiza miaka sita. Anakimbia kutwa, hata mchana halali. Kigari cha kumsukumia cha nini tena?"

Mimi huwajibu kwa maswali. Mnaenda bustani ipi? Mwezi gani? Mnategemea kutoka saa ngapi usiku? Mko watu wazima wangapi, na nani kati yenu ana mgongo wa kumbeba mtoto wa kilo ishirini kutoka getini hadi kwenye gari? Hayo ndiyo yanayoamua. Umri unakuja baadaye, tena kwa uzito mdogo. Mtoto wa miaka minne anaweza kumaliza siku fupi ya Januari kwa miguu yake akiwa mchangamfu, na wa miaka saba mwenye afya tele akaishia kuketi chini katikati ya watu saa nne usiku, mwezi wa Julai, akikataa kuinuka. Yote mawili nimeyaona, na wa miaka saba alikuwa ndiye mwanariadha wa ukoo.

Siku yenyewe ilivyo

Mgeni hudhani Disney World ni kiwanja kimoja. Kuna bustani nne, zilizotawanyika kwenye ardhi kubwa karibu na Orlando, na kila moja inachosha kwa namna yake: Magic Kingdom iliyofunguliwa 1971, EPCOT ya 1982, Hollywood Studios ya 1989 na Animal Kingdom ya 1998.

Nianze na Magic Kingdom, kwa kuwa ndiyo yenye kasri na ndiyo kila mtoto anayoitaka. Ukija na gari lako huegeshi mlangoni. Unaegesha kwenye uwanja mpana sana, unapanda tramu au unakwenda kwa miguu hadi kituo cha usafiri, unapita ukaguzi wa mikoba, halafu unapanda monoreli (treni ya reli moja) au feri hadi ng'ambo ya ziwa. Ukishuka upande wa pili ndipo unakutana na geti. Mtoto hajapanda hata mchezo mmoja na miguu yake imeshaanza kazi. Usiku mnarudia njia hiyohiyo kinyumenyume, safari hii pamoja na umati wote uliokuwa ukitazama fataki na kuamua kuondoka kwa dakika moja. Wazazi wengi hupiga hesabu ya kutembea ndani ya bustani tu. Kipande cha kutoka getini hadi kwenye gari, usiku, mtoto akiwa amelala, hawakihesabu, na ndicho kigumu kuliko vyote.

EPCOT ni mwendo mtupu. Nyuma yake kuna ziwa lililozungukwa na mabanda ya nchi 11, kuanzia Mexico hadi Canada, na njia inayolizunguka ina urefu wa karibu kilomita 2. Hapo bado hujagusa sehemu ya mbele. Banda la Marekani liko upande wa mbali kabisa wa ziwa, na mtoto akigomea hapo, kurudi mlikotoka na kuendelea mbele ni umbali uleule. Kama kuna bustani moja ambayo ningemshauri mzazi wa mtoto wa miaka sita achukue kigari bila kusita, ni hii.

Animal Kingdom ndiyo kubwa kwa eneo kuliko nyingine zote, na joto lake ni la kipekee kwa sababu ya miti mingi iliyosongamana na hewa nzito. Watu wetu hupenda kupiga picha Harambe, mji wa kuigiza uliojengwa kwa sura ya pwani yetu, wenye kuta zilizochubuka na maandishi ya Kiswahili. Pale kuna lori la safari linalozunguka kati ya twiga na tembo kwa dakika kama ishirini, na watoto hupata kuketi. Jambo la kujipangia ni kwamba vivutio vikubwa viko pembe tofauti, na mlima wa Everest wa kuigiza uko upande mwingine wa bustani.

Hollywood Studios ni ndogo. Huko hutembei sana, unasimama sana. Nitalirudia hilo.

Ukijumlisha, mtu mzima mwenye simu inayohesabu hatua si ajabu aone hatua 20,000 jioni. Mtoto ana miguu mifupi, kwa hiyo njia ileile anaimaliza kwa hatua nyingi zaidi. Halafu weka juu yake jua la Florida. Kuanzia Juni hadi Septemba mchana hufika nyuzi 32 au 33, unyevu ni mwingi, na alasiri mvua ya radi hunyesha karibu kila siku. Ndugu wa Dar huniambia joto wamelizoea. Ni kweli wamelizoea, lakini hakuna mtu Dar anayemtembeza mtoto juani kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku akaiita hiyo likizo.

"Sisi tulitembea kwenda shule"

Neno hili huja kila mara, na mara nyingi hutoka kwa bibi au mama mkwe aliyekuja kutembea. Sisi tulikwenda shule kwa miguu, peku, mto tunavuka, na hatukufa. Mtoto mkubwa hivi kusukumwa kwenye kigari ni kumdekeza.

Namheshimu sana mwenye kusema hivyo, na huwa namjibu kwa adabu lakini kwa ukamilifu. Safari ya shule ilikuwa na mwisho. Ulitembea asubuhi kukiwa na ubaridi, ulifika, ukaketi darasani saa kadhaa, ukatembea tena kurudi. Mwendo ulikuwa mmoja, wa kasi yako mwenyewe. Kwenye bustani hizi mtoto anatembea dakika tano, anasimama dakika arobaini juu ya saruji, anaketi dakika tatu kwenye mchezo, anatembea tena, anasimama tena, na mzunguko huo haukomi hadi usiku. Kusimama papo hapo na kusogea hatua mbilimbili kunachosha miguu kuliko kutembea. Ongeza kelele, taa, sukari na msisimko wa kitu alichokiota mwaka mzima. Hata mtoto anayechota maji kijijini kila siku angelegea.

Na kuna suala la pesa, ambalo wazee hulielewa haraka kuliko jingine lolote. Tiketi ya siku moja ni ghali, na kuanzia miaka mitatu mtoto anakatiwa ya kwake. Familia ya watu watano ikilazimika kuondoka saa tisa alasiri kwa sababu mtoto mmoja amechoka, imepoteza nusu ya siku ya watu watano. Kigari cha kukodi kwa siku ni sehemu ndogo mno ya gharama hiyo.

Kitu ambacho kigari hakifanyi

Kigari hakiingii kwenye foleni. Kila mchezo una sehemu ya kuegesha vigari nje, na kutoka hapo mtoto anatembea na kusimama kama watu wengine wote. Kwa hiyo kama shida ya mwanao ni kusimama, kigari kitamsaidia kati ya mchezo na mchezo tu, na katika bustani kama Hollywood Studios huo ni muda mdogo.

Ndiyo maana kwa watoto wa miaka minane na kuendelea huwa nasema: pesa ya kigari ielekezeni kwenye kupunguza foleni. Disney wanauza nafasi za kupita njia fupi, wanaziita Lightning Lane, na bei hupanda na kushuka kulingana na siku na bustani. Kama hamtaki kulipa, fikeni kabla geti halijafunguliwa na mpande michezo mikubwa ndani ya saa mbili za kwanza, foleni zikiwa bado fupi. Programu yao ya simu, My Disney Experience, inaonyesha muda wa kusubiri kila mchezo, kwa hiyo huna haja ya kumpeleka mtoto mahali ndipo ugundue kwamba atasimama saa moja na nusu. Kabla ya hapo pia pima urefu wa mtoto nyumbani. Michezo ya Space Mountain na Expedition Everest inataka sentimita 112, na ule wa TRON unataka 122. Mtoto aliyetembezwa hadi mlangoni akarudishwa kwa kuwa mfupi huchoka mara mbili.

Mpime kabla ya safari

Wiki chache kabla, chagua Jumamosi moja mtoke naye kwa muda mrefu. Duka kubwa la bidhaa, bustani ya wanyama, soko, popote pasipo na viti vingi. Muwe nje saa nne au tano, na katikati msimame mahali bila kuketi, hata kama ni foleni ya chakula. Usimwambie kwamba unampima. Angalia saa tu.

Usihangaike na dakika anayosema "nimechoka," maana watoto husema hivyo wakiwa wamechoshwa na jambo lisilowavutia. Tazama mwili. Mtoto aliyechoka kweli huanza kubaki nyuma hatua tatu nne, anajiegemeza kwenye paja lako kila mnaposimama, anashika nguo yako badala ya mkono, anachuchumaa. Ukiona anachuchumaa kwenye foleni, miguu imesema. Kama dalili hizo zinakuja ndani ya saa mbili, chukua kigari bila mjadala. Zikija kwenye saa ya nne, mnaweza kupanga siku ya vipande viwili: asubuhi bustanini, mchana kurudi hotelini kuogelea na kulala, jioni kurudi tena. Mpango huo unafaa kama hoteli iko karibu. Kwa anayetoka Tampa kama sisi, au aliyepanga nyumba dakika arobaini kutoka hapo, kurudi katikati ya siku hakuwezekani, na kigari ndicho kitanda cha mchana.

Mkumbuke pia mdogo wake. Kama tayari mnasukuma kigari cha mtoto wa miaka miwili, huyu wa miaka sita atakitazama kile kiti siku nzima. Chenye viti viwili huwa kinaokoa ugomvi mwingi, na saa ambazo mkubwa hajaketi, kiti chake kinabeba mikoba.

Uzito na vipimo

Hapa watu hukosea kwa kuchukua kile kigari chepesi cha kukunjika kama mwavuli kilichobaki nyumbani tangu mtoto ana mwaka. Vingi vya aina hiyo vimetengenezwa kubeba hadi kilo 23 hivi, na vingine chini ya hapo. Soma lebo iliyo chini ya kiti. Mtoto wa miaka mitano kwa wastani ana kilo 18 na urefu wa sentimita 110, na wa miaka saba ana kilo 23 na sentimita 121. Maana yake wa miaka sita au saba yuko ukingoni, na ukitundika mkoba wa maji kwenye mpini umeshavuka. Kigari kilichozidiwa hupinduka kwa nyuma pale mtoto anaposhuka mkoba ukiwa umebaki mpinini.

Vipo vigari imara zaidi vinavyobeba hadi kilo 29. Mketishe mtoto na uangalie mambo mawili: kichwa kisigonge kivuli cha juu, na miguu iwe na mahali pa kukanyaga. Miguu inayoning'inia hukwaruza chini na kuna siku itanaswa kwenye gurudumu.

Tangu Mei 2019 Disney wana masharti ya ukubwa: upana usizidi sentimita 79 na urefu, toka mbele hadi nyuma, usizidi 132. Vigari vingi vya kawaida vya viti viwili vinapita. Vile vya kuvuta, mithili ya kimkokoteni, vimekatazwa kabisa hata kama vipimo vinaenea, na walinzi wa getini hawabembelezeki. Nawaambia hasa ndugu wa Marekani, kwa kuwa hivyo ndivyo wanavyovitumia ufukweni na kwenye mechi za watoto.

Ukipate wapi

Njia ni tatu. Kuleta cha kwenu: mashirika mengi ya ndege ya Marekani hayatozi kigari cha mtoto, lakini kama mnatoka Afrika Mashariki na kubadili ndege mara mbili, sioni faida ya kuhangaika nacho kwa mtoto wa miaka sita, isipokuwa mnakihitaji viwanja vya ndege.

Njia ya pili ni kukodi ndani ya bustani, karibu kabisa na mlango wa kuingilia. Miaka ya karibuni bei imekuwa dola 15 kwa siku kwa kiti kimoja na 31 kwa viti viwili, na mkikodi kwa siku nyingi mfululizo inashuka kidogo. Hakikisheni bei ya siku yenu. Ni vya plastiki ngumu, havilazi mtoto, na kimoja kinabeba hadi kilo 23 hivi. Kwa mtoto mkubwa anayetaka kuketi tu vinafaa. Ila haviruhusiwi kutoka nje ya geti. Kile kipande cha usiku nilichokitaja, cha feri na tramu na uwanja wa magari, mtamaliza mtoto akiwa begani.

Ya tatu, ambayo ndiyo ninayowashauri wageni wengi, ni kukodi kwa kampuni za mjini Orlando zinazoleta kigari hotelini na kukichukua mkiondoka. Ni imara, vina kivuli kikubwa, kiti kinalala, na mnakwenda nacho hadi kwenye gari. Kwa siku nne au tano mara nyingi bei haizidi sana ile ya ndani. Ulizeni mapema kama kampuni inaacha kigari mapokezini au lazima mtu awepo kukipokea.

Chochote mtakachochukua, mtu mzima mmoja ajifunze kukikunja kwa mkono mmoja kabla ya siku yenyewe. Kwenye tramu ya maegesho ni lazima kukunja, na kwenye basi la hoteli jiandaeni kukunja pia. Picha ninayoiona kila nikienda ni ya baba aliyemkumbatia mtoto aliyelala kwa mkono wa kushoto, anapapasa kitufe cha kukunjia kwa mkono wa kulia, mguu umekanyaga gurudumu, chupa za maji zinamwagika kutoka mfuko wa chini, na dereva anasubiri. Toeni vitu vyote vya kikapu cha chini kabla tramu haijafika, na mwenye mtoto asiwe ndiye mwenye kukunja. Kwenye monoreli na feri mnaingia nacho kikiwa wazi.

Mtoto mwenye maradhi

Sehemu hii naiandika kwa uzito kuliko nyingine. Kama mtoto ana selimundu, au sikoseli kama wanavyosema wengine, usiusikilize mjadala wa umri hata kidogo. Upungufu wa maji mwilini, uchovu na kuhama ghafla kutoka joto kali kwenda baridi ya kiyoyozi ni miongoni mwa mambo yanayoweza kuamsha maumivu, na bustani hizi zina yote matatu ndani ya saa moja. Mtoto wa miaka tisa mwenye selimundu aketi, afunikwe kanga akiingia mahali pa baridi, na anywe maji bila kusubiri kiu. Maji baridi mnapewa bure kwenye vibanda vya vyakula vya haraka. Ombeni kikombe tu. Zungumzeni na daktari wake kabla ya safari na mbebe dawa zake mkononi. Hali kadhalika mwenye pumu, aliyetoka kwenye upasuaji, au mwenye tatizo la misuli.

Kwa watoto hawa nendeni ofisi ya huduma kwa wageni mara tu mkiingia, mweleze hali, na muombe kitambulisho cha kufanya kigari kihesabiwe kama kiti cha magurudumu. Wanafunga kijikaratasi kwenye mpini na kuanzia hapo kigari kinaingia kwenye foleni kokote ambako kiti cha magurudumu kinaruhusiwa. Hakiwapitishi mbele ya watu. Kinamwezesha mtoto kuketi wakati wa kusubiri, na hilo ndilo tulilokuwa tunalitafuta. Mtoto aliyezidi kigari cha kawaida anaweza kukodiwa kiti cha magurudumu palepale.

Familia zenye mtoto mwenye usonji zinaniambia kwamba kigari chenye kivuli cha kushusha huwa chumba kidogo cha mtoto: kelele inapozidi, anajifungia humo. Kwa mtoto kama huyo miaka kumi si mikubwa.

Heshima ya mtoto mkubwa

Mtoto wa miaka sita au saba ana aibu zake na zinastahili kuheshimiwa. Usimwamuru aketi mbele ya binamu zake. Mwambie mapema, nyumbani, kwamba kigari ni cha mikoba na cha yeyote mwenye miguu iliyochoka, basi. Mwache atembee anavyotaka asubuhi. Kwa kawaida hushika mpini na kukisukuma mwenyewe saa za kwanza, mikoba ikiwa imeketi kwenye kiti, na kwenye saa nane mchana anaketi bila kuambiwa, wala hakuna aliyeona. Binamu akimcheka, mtu mzima aseme neno moja la kumkanya na yaishe hapo.

Wapita njia wasikushughulishe. Nenda EPCOT mchana wowote wa Julai uone watoto wa miaka sita, saba na nane kwenye vigari, kutoka kila taifa. Wenzetu hawashangai.

Mkishaingia

Egesheni kigari katika eneo lililowekwa, na mjue kwamba wafanyakazi hupanga upya mistari ili nafasi itoshe, kwa hiyo mtakaporudi hakitakuwa mlipokiacha. Mimi hufunga kipande cha kitenge cha rangi kali kwenye mpini, upande wa kulia, fundo mbili. Kati ya mamia ya vigari vyeusi na vya kijivu, kitenge cha njano unakiona kutoka mbali, na hakuna mwingine mwenye nacho. Kama ni cha kukodi ndani, ambapo vyote vinafanana, hilo linafaa maradufu. Pasipoti, simu na pesa msiviache humo hata kwa dakika tano. Kofia, maji na koti la mvua viacheni.

Mvua ikikaribia, funikeni kiti kabla hamjaingia kwenye foleni. Mfuko mkubwa wa taka wa plastiki unatosha, na kibanio cha nguo kila upande ili upepo usiubebe. Kiti kilicholowa hakikauki siku hiyo, na mtoto mkubwa hakubali kuketi majini.

Wakati wa fataki, egesheni mapema au mbaki nacho pembeni kabisa mwa umati. Msijaribu kukisukuma katikati ya watu waliosimama wakitazama juu, maana vifundo vya miguu vya wenzenu ndivyo vitakavyoumia. Baada ya fataki subirini dakika ishirini au thelathini ndani, mle kitu, umati upungue. Mtoto aliyefungwa mkanda kwenye kigari hapotei usiku ule, na kwa mzazi mmoja mwenye watoto watatu hiyo peke yake ni sababu tosha.

Lini nasema kiacheni

Miaka minane na kuendelea, mtoto mzima wa afya, Disemba hadi Februari, bustani moja kwa siku, na mmekubaliana kuondoka kabla ya saa mbili usiku: kiacheni. Hollywood Studios na mtoto wa miaka saba, watu wazima wanne mkiwa na zamu ya kumbeba: kiacheni. Wanaokwenda Disneyland ya Anaheim, California, ile ya kwanza iliyofunguliwa 1955, nawaambia mtoto wa miaka sita ana nafasi nzuri ya kumudu, kwa sababu bustani zake mbili zinatazamana geti kwa geti na mambo yamekaribiana. Ndugu wa Muscat na Dubai wanaokwenda bustani za IMG Worlds of Adventure ya Dubai au Ferrari World ya Abu Dhabi, ambako sehemu kubwa iko chini ya paa lenye kiyoyozi, joto wameshaliondoa kwenye hesabu. Hapo wa miaka mitano aliyepita lile jaribio la Jumamosi anaweza kwenda kwa miguu.

Wiki ya sikukuu ya kushukuru mwezi Novemba, wiki ya Krismasi, na likizo ya shule ya Machi naziweka kando. Umati wa siku hizo hurefusha kila kitu, na mtoto ambaye ningemwachia miguu yake Januari namkodia kigari Krismasi.

Na kama baada ya yote haya bado mko katikati, ingieni siku ya kwanza bila kigari, muanze na Magic Kingdom, na mumtazame mtoto hadi saa sita mchana. Akianza kujiegemeza na kuchuchumaa, mmoja wenu arudi mlangoni akakodi, kabla ya saa tisa ambapo wazazi wengine wote nao watakuwa wamefikia uamuzi huo. Risiti itunzeni: mkihamia bustani nyingine siku hiyohiyo, mnarudisha kile cha kwanza, mnaonyesha risiti kwenye geti la pili, na mnapewa kingine bila kulipa tena.